Ipi apewe nani: Akata Witch, Children of Blood and Bone au A Wizard of Earthsea?

Likizo ikikaribia meseji ni zile zile. Mzazi anataka kitabu cha fantasia cha kumpa mtoto wake wa sekondari, na hapohapo anaongeza, lakini kisiwe na uchawi. Tuelewane mapema jamani, fantasia isiyo na uchawi hamna, ukiutoa unabaki na watoto wanatembea tu porini na mabegi mgongoni. Uchawi utakuwepo. Cha kuangalia ni unalipiwaje, yaani mtu humo ndani akitaka kufanya muujiza anatoa nini, anapoteza nini, na nani anaumia. Ukishalijua hilo umeshajua kitabu ni cha mtoto gani, halafu mengine, mapenzi, damu, Kiingereza kigumu, unayapanga taratibu.

Nimechukua vitatu ambavyo nimeshavigawa kwa madogo wengi na havifanani hata kidogo. Akata Witch ya Nnedi Okorafor ilitoka 2011, Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi 2018, na A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin ni ya kitambo, 1968, kabla hata baadhi yenu wazazi hamjazaliwa. Harry Potter nimeiacha makusudi, kila mtu anaijua na ugomvi wake umeshachosha, hata Marekani kwenyewe kwenye orodha ya chama chao cha maktaba ndo ilikuwa namba moja kwa kulalamikiwa na wazazi miaka ya 2000 mpaka 2009, kwa hiyo msidhani ni sisi tu tunaohofia. Percy Jackson nayo nzuri, nyepesi, inachekesha, ila hiyo ni ya mtoto wa darasa la sita, la saba, wa fom tu atakwambia ya kitoto.

Stori zenyewe kwa kifupi, mwisho sisemi.

Sunny wa Akata Witch ana miaka 12. Kazaliwa New York kwa wazazi wa Nigeria, wakarudi nyumbani akiwa na miaka 9, sasa wanaishi Aba. Ana ualbino, na anapenda mpira wa miguu kuliko chochote ila jua halimruhusu kuucheza mchana. Jioni moja anaangalia mwali wa mshumaa anaona dunia inateketea. Basi kupitia Orlu anayesoma naye, na Chichi, na baadaye Sasha, dogo wa Kimarekani aliyeletwa Nigeria kwa sababu utundu ulizidi, anagundua kwamba yeye ni wa Leopard People, watu wenye nguvu zao wanaoishi kimyakimya katikati ya watu wa kawaida. Hao wanne wanapewa kazi ambayo ingewatoa jasho hata watu wazima, kumkabili mtu anayeteka watoto na kuwaua.

Children of Blood and Bone ipo kwenye nchi ya kutunga inaitwa Orïsha, ila majina, vyakula na sala zake ni za Kiyoruba, hata mji wa Lagos upo. Zamani kulikuwa na watu wenye uchawi wanaitwa maji, mfalme Saran akawafyeka, na mama yake Zélie akiwemo, mtoto anaona. Miaka 11 baadaye Zélie ana hasira kama zote, anakutana na Amari, binti wa mfalme huyohuyo, katoroka ikulu na hati ya kale inayoweza kurudisha uchawi. Wanakimbia, pamoja na Tzain kaka yake Zélie, na nyuma yao anakuja Inan, kaka yake Amari, kuwawinda. Stori inasimuliwa kwa zamu, mara Zélie, mara Amari, mara Inan, kwa hiyo hata anayewinda unaingia kichwani mwake, na hapo ndo penye utamu maana kuna kurasa unamchukia na nyingine unamwonea huruma.

Earthsea ni dunia ya visiwa. Ged ni mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, mama yake alishafariki, dada wa mama yake ndo anamfundisha uganga mdogomdogo wa kuita ndege na kutuliza mbuzi. Akaonekana ana kipaji kikubwa, akachukuliwa na mzee mmoja mkimya anaitwa Ogion, ukimya ukamshinda, akaenda shule ya wachawi kisiwa cha Roke. Kule kwa kiburi tu, kumwonyesha mwenzake Jasper kwamba yeye ndo yeye, akaita roho ya marehemu, na ukaja kivuli ambacho hakikurudi kilikotoka. Kitabu chote kilichobaki ni Ged na hicho kivuli, baharini, kwenye mashua. Mtu wa Lamu, Pemba au Kilwa ataingia humu bila kuelekezwa maana uchawi mkubwa wanaoajiriwa nao watu kule ni kuita upepo wa matanga.

Sasa uchawi wenyewe.

Wa Akata Witch unalipiwa kwa kujifunza, na hiki ndo kitu kilichonifanya nikipende. Kuna vyuma vimepinda vinaitwa chittim, ndo hela yao. Huvipati kwa kuuza wala kurithi, ukielewa kitu kipya vinadondoka toka hewani, puu, miguuni kwako. Sunny mara ya kwanza anashtuka, anaangalia juu, hamna mtu. Na thamani yake imegeuzwa, vya shaba ndo ghali na vya dhahabu ndo vya mwisho. Mji wao wa siri kitovu chake ni maktaba, na mwenye maktaba ndo mkubwa wa wote. Mtu mwenye tamaa ya utajiri humo anachekwa, anaonekana hana akili. Mzazi unayelia kila siku mtoto hasomi, hebu fikiria kitabu ambacho kusoma ndo ubabe.

Lakini nisikufiche, mavazi ya huo uchawi ni ya kwetu Afrika waziwazi. Kuna visu vya juju, ndo uchawi wanavyouita kule, unga wa kuchora chini, alama za nsibidi ambazo kweli zipo kusini mashariki mwa Nigeria, vinyago vinavyotoka na mizimu ndani yake. Na yule muuaji anaitwa Black Hat Otokoto, jina ambalo Mnigeria akilisikia anakumbuka Owerri mwaka 1996, watu walipofanya fujo mjini kwa sababu ya mauaji ya kishirikina ya mtoto. Kwa hiyo kama nyumbani kwenu neno juju tu linazimisha mazungumzo, hiki ndo kitakuletea shida kuliko vile viwili. Fimbo nazo zipo, za shuleni na za huko kwa Leopard People, sura ya kwanza tu unakutana na mwalimu na kiboko. Watoto wetu hawatashangaa, ila wa binamu zenu walioko Canada watauliza maswali. Na wazee wa humo hawabembelezi, wanawaambia hao madogo wazi kwamba dunia haitasimama kwa ajili yao. Kuna mzazi aliona ni ukatili. Mimi naona afadhali, vitabu vingi vinamdanganya tineja kwamba yeye ndo mteule na jua linamzunguka.

Wa Children of Blood and Bone unalipiwa kwa mwili. Zélie akizidisha anadhoofika, na kuna uchawi wa damu ambao mama yake mwenyewe alimfundisha kuuogopa, ukiuita unakutafuna wewe. Halafu huu unakuja na ibada, kila ukoo wa maji una mungu wake, Oya, Yemọja na wengine, na hao sio wa kutunga, ni miungu ya Wayoruba inayoabudiwa mpaka leo Nigeria na ng'ambo Brazil, Adeyemi mwenyewe alisema wazo lilimjia akiwa Salvador kule Bahia. Kwa mzazi wa dini, Mkristo au Mwislamu, nadhani hapa ndo pa kuzungumza na mtoto kabla. Sio kuficha kitabu, kuzungumza. Mwambie hii ni imani ya watu, sio ya kwetu, stori imeijenga hivi na vile. Mtoto wa miaka 15 anaelewa hilo vizuri kuliko tunavyodhani.

Earthsea ni tofauti kabisa, humo uchawi ni mizani. Ukileta mvua hapa umesababisha ukame kisiwa kingine. Kuna sehemu nzuri mno mwanzoni, Ged kijana kafuata bwana wake Ogion milimani, anategemea ataona miujiza, mvua inaanza. Mganga yeyote wa mtaani angeisukuma hiyo mvua iende kwa jirani. Ogion haifanyi kitu, anatafuta mti mnene analala chini yake. Ged anakaa vichakani analowa, amenuna, anajiuliza huu uwezo una faida gani kama huutumii. Kurasa nyingi baadaye, baada ya kiburi chake kuua mtu, ndo anaelewa. Hamna sala kwa miungu, hamna mapepo ya kutambikiwa, kuna majina ya kweli ya vitu na atakayeyajua anavitawala. Sheikh mmoja rafiki wa familia nilimpa akisome kwanza yeye, akarudi akasema hiki kinafundisha kujizuia, akataka kubaki nacho.

Kwa hiyo kama tatizo lako ni imani, kuanzia chepesi kwenda kizito mpangilio ni Earthsea, halafu Children, halafu Akata. Kama tatizo lako ni damu, Akata na Children vinabadilishana nafasi, ndo maana nasema swali la kama kuna uchawi halitoshi.

Damu na mapenzi, haraka.

Children of Blood and Bone ni kitabu cha vita. Kijiji kinachomwa na watu ndani. Kuna meli zinapiganishwa uwanjani kwa burudani ya watazamaji na wafungwa wanakufa humo kwa mamia. Kuna mateso, Zélie anachanwa mgongoni kwa kisu, na mwandishi hageuzi uso, anakuonyesha. Askari wanawashika wasichana vibaya, haiendi mbali lakini ipo. Watu wasioweza kulipa kodi wanapelekwa utumwani. Hayo yote hayapo kwa ajili ya kutisha tu, mwishoni mwandishi kaweka maelezo yake kwamba alikiandika kwa uchungu wa Wamarekani weusi wanaopigwa risasi na polisi, na ukiyasoma hayo ukarudi kwenye stori unaona mfalme Saran ni nani. Ila bado ni mengi. Mimi chini ya miaka 14 simpi mtu, na mtoto aliyepitia msiba mkubwa wa mzazi hata wa 16 namwacha kwanza.

Mapenzi yapo, kati ya mwindaji na mwindwaji, mnajua wenyewe ni kina nani. Ni mabusu na mioyo kwenda mbio, chumbani hawafiki. Hapa mimi na mabinti niliowapa hatukubaliani. Naona yanakuja haraka mno, jana alitaka kumuua leo anamuota, wao wananiambia ndo utamu wenyewe aunti. Sawa.

Akata Witch mapenzi hamna kabisa kitabu cha kwanza, ni kuangaliana tu. Damu ipo kiasi, kuna pambano la mieleka kwenye tamasha ambalo mtu anakufa mbele ya umati na watoto wanaona, na wale watoto waliotekwa. Inatisha kwa dakika kadhaa halafu utani unarudi, Chichi na Sasha hawawezi kukaa kurasa mbili bila kubishana.

Earthsea damu kidogo na mapenzi karibu na sifuri, ila kuna kifo cha mtoto mdogo anayeumwa homa, Ged anajaribu kumfuata mpaka nchi ya wafu amrudishe na hawezi, baba yake ni rafiki yake. Hakuna damu pale hata tone, na ndo ukurasa ulioniliza kuliko vita vyote vya Adeyemi.

Kuhusu Sunny lazima nikae kidogo. Sisi Tanzania tunajua watu wenye ualbino wamefanyiwa nini, kanda ya ziwa hasa, mpaka serikali ikatangaza kupiga marufuku waganga wa kienyeji Januari 2015. Watoto wetu wamekua wakisikia habari hizo redioni, albino ni habari ya mapanga na makaburi yaliyojengewa zege. Halafu unampa kitabu ambacho steringi ni msichana mwenye ualbino, mkali wa mpira, mbishi, anaogopa na bado anakwenda, na kwenye dunia ile kinachoonekana kasoro ndo mlango wa nguvu yake. Orlu naye herufi zinamchezea akisoma na ndo anayeweza kufungua uchawi wa wengine. Nimeona darasa la fom wani wanabishana kuhusu Sunny kwa nusu saa bila mtu hata mmoja kusema ile kauli ya zeruzeru. Kwa hilo tu nakipa maksi.

Lakini kuna kitu kinanikera. Sunny akishaingizwa kwenye nguvu zake jua linaacha kumuunguza, anacheza mpira mchana kweupe. Najua ni fantasia, najua ni furaha yake. Ila mtoto halisi mwenye ualbino anayesoma hapo kesho asubuhi bado anahitaji kofia, mikono mirefu na mafuta ya jua, na saratani ya ngozi haingojei mtu aingizwe popote. Ningependa angepata nguvu zote na jua libaki vilevile, akacheza usiku au na kofia. Kama mtoto wako ana ualbino mpe tu, ataruka kwa furaha, ila hapo kaeni muongee.

Na Earthsea ina lake. Rangi iko vizuri, Ged ni mweusi mwekundu, rafiki yake Vetch ni mweusi kabisa, na weupe ndo wavamizi toka mashariki, mwaka 1968 mwandishi mzungu wa Marekani kaandika hivyo, halafu miaka na miaka wachapishaji wakamchora Ged mzungu kwenye jalada na ilipotoka kwenye televisheni 2004 wakamweka mzungu tena, Le Guin akakasirika akawasema hadharani. Tatizo lipo kwa wanawake. Shule ya Roke ni ya wavulana tu, na kijijini kuna msemo kwamba uchawi wa mwanamke ni dhaifu na ni mwovu. Binti wa miaka 14 atakasirika na ana haki. Mwandishi mwenyewe baadaye alirudi kulirekebisha hilo kwenye Tehanu ya 1990, na kabla ya hapo The Tombs of Atuan ya 1971 inamfuata msichana, Tenar, mimi naona ni bora kuliko ya kwanza. Binti akinuna mrushie hiyo.

Kiingereza sasa, maana vyote vitatu ni vya Kiingereza na hatudanganyani, mtoto aliyetoka shule ya kata fom tu hasomi kama wa intaneshno. Akata ndo chepesi, kurasa mia tatu na kitu, sentensi za kawaida, watu wanaongea sana, na Kiingereza chake kina ladha ya Kinaijeria ambayo madogo wanaijua toka kwenye muvi. Children ni kinene, kinapita kurasa 500, lakini usiogope unene maana sura ni fupifupi na kila sura inaishia mahali ambapo huwezi kulala, nimeona mtoto ambaye hajawahi kumaliza kitabu anakimaliza hicho wiki moja. Lugha yake sio ngumu, ni ya hasira na mwendo, kila kitu kinatokea sasa hivi. Earthsea ni kama kurasa 200 tu na ndo kigumu kuliko vyote. Kinasimuliwa kwa sauti ya mzee anayekumbuka tenzi za kale, maongezi machache, sentensi ndefu, majina ya visiwa yanakuja mfululizo na mtoto asiyeangalia ramani ya mwanzoni anapotea. Ukimpa asiyependa kusoma ukadhani wembamba utamvutia, kitakaa juu ya kabati mpaka vumbi. Hiki kisomwe kwa sauti. Baba au mama asome sura moja jioni, kuna sura 10 tu, na ukisoma kwa sauti ule ugumu unageuka muziki.

Mwisho wa vitabu nao muhimu kwa mfuko. Earthsea inaisha, imefungwa, ukitaka unaendelea usipotaka basi. Akata inaisha vizuri huku mlango umeachwa wazi, kuna Akata Warrior ya 2017, ambayo ilichukua tuzo ya vijana iliyotolewa 2018 pamoja na zile za Hugo, tuzo kubwa za vitabu vya fantasia na sayansi ya kubuni, na Akata Woman ya 2022. Children inakuacha hewani kabisa, ukurasa wa mwisho mtoto atapiga kelele, na mwaka uliofuata ndo hicho kilichukua tuzo ile ile. Kwa hiyo ukikinunua jua umeshanunua vitatu, cha pili Children of Virtue and Vengeance cha 2019, cha tatu cha 2024. Cha pili watu wengi, na mimi nimo, walikiona kimepungua, kila mtu anagombana na kila mtu. Kuna na filamu inakuja, kwa hiyo tegemea mtoto aanze kukiulizia mwenyewe.

Sasa nani apewe nini. Mtoto wa miaka 11 mpaka 13 anayeanza kusoma vitabu vinene, au mwenye kuhisi yuko tofauti na wenzake kwa lolote, Akata bila kufikiria mara mbili. Wa 15 kwenda juu anayefuatilia siasa, anayekasirishwa na dhuluma, anayekesha na tamthilia za Kikorea, huyo ni Children. Yule mkimya, mwenye kiburi kidogo cha akili, anayeongoza darasa na anajua anaongoza, mpe Earthsea, wala usimwambie kwa nini. Na kama una hela ya kimoja na watoto watatu wa umri tofauti nunua Akata, mkubwa ataanza kwa kudharau na atamaliza wa kwanza.

Angalizo moja kwa wazazi mnaonunua kwa kuangalia jalada au jina. Nnedi Okorafor huyo huyo ana Who Fears Death ya 2010, ni kitabu kikubwa sana lakini ni cha watu wazima, kina ubakaji na vita, usikibebe kwa sababu tu binti kapenda Sunny. Na hivi vinavyotembea TikTok, A Court of Thorns and Roses ya Sarah J. Maas ilitoka 2015 ikauzwa kama ya vijana halafu wachapishaji wenyewe wakaihamishia kwa watu wazima, na Fourth Wing ya Rebecca Yarros ya 2023 ina shule na madragoni kwenye maelezo yake kwa hiyo mzazi anadhani ni ya kitoto, sio, chumbani wanafika na taa imewashwa. Mabinti, najua mnazisoma kwenye PDF mkijifunika shuka, siwezi kuwazuia kwa huku kuandika, ila msimtume mama anunue akidhani ni Harry Potter.

Kwa mzazi ambaye amesoma mpaka hapa na bado anasema hapana, uchawi nyumbani kwangu haukanyagi, sina ugomvi. Mpe mtoto Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, Kiswahili safi, ndogo, walimu wanaipenda, babu zake waliisoma. Humo kuna ndugu wawili wenye wivu waliogeuzwa manyani, na ndugu yao mtawala, mtu mwema kuliko wote nchini, anawachapa viboko kila usiku huku analia kwa sababu jini kamwamuru. Akimaliza hiyo tutaongea kuhusu Sunny.